Sauti kupishana na picha: maana yake na namna ya kurekebisha

Sauti na picha hupishana pale midomo ya msemaji inapofunguka wakati mmoja na neno lake likasikika wakati mwingine. Ndani ya faili la video, picha ni mkondo wa fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana, na sauti ni mkondo wa sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, na kinachoiunganisha mikondo hiyo ni alama za muda zinazoonyesha kila kipande kitoke lini. Video inaposimbwa, yaani inapobanwa na kuwekwa katika umbo jipya, alama hizo zikipotea au zikisomwa vibaya, kila mkondo hushika njia yake.

Masikio yetu hayavumilii kosa hili kwa usawa. Kwa mujibu wa pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mtazamaji huanza kuitambua kasoro sauti ikitangulia kwa takriban milisekunde 45, ilhali ikichelewa haitambui hadi ifike kama 125. Sababu si ngumu kuiona: anayemtazama mpasua kuni kwa mbali huliona shoka likitua kwanza, kisha ndipo husikia mlio, na kamwe hajapata kusikia mlio ukilitangulia shoka.

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta tukio lenye mlio unaoonekana, kama vile kofi au mlango unaobamizwa, mwanzoni mwa video, kisha jingine mwishoni, ulinganishe mapengo. Pengo likiwa lile lile, tuseme sekunde 0.3 kote kote, sauti imesogea tu, na dawa yake ni kuirudisha kwa kiasi hicho. Katika FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, kazi hiyo hufanywa na amri ya -itsoffset, bila kulazimika kusimba upya.

Pengo likikua kadiri video inavyoendelea, kuisogeza sauti hakusaidii, ingawa ndilo jambo ambalo wengi hukimbilia: utaponya mwanzo na kuharibu mwisho. Hapo kosa limo katika mwendo wenyewe. Video ya fremu 29.97 kwa sekunde ikichukuliwa kuwa ni ya fremu 30, picha hukimbia kidogo tu, lakini baada ya saa moja huwa imeiacha sauti nyuma kwa sekunde 3.6. Upande wa sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde zikichezwa kana kwamba ni 48,000, usemi huharakika na kuwa mwembamba, kosa ambalo sikio hulikamata mara moja. Yote mawili hutibiwa kwa kutaja kasi sahihi wakati wa kusimba.

Linalosumbua zaidi ni pengo linalokua na kupungua bila mpangilio. Simu nyingi hupunguza fremu kwenye mwanga hafifu, na programu za kurekodi skrini huweza kuacha kuandika fremu mpya pasipobadilika kitu. Alama za muda zikiheshimiwa, hakuna tatizo. Lakini baadhi ya programu za uhariri huhesabu fremu kana kwamba zimepangwa kwa nafasi sawa, na makosa hujikusanya. Video ya namna hiyo ibadilishwe kwanza iwe na kasi isiyobadilika, kwa chaguo hilo katika HandBrake, programu ya kubadilisha umbo la video, au kwa -fps_mode cfr katika FFmpeg, ambapo fremu hurudiwa au huachwa kwa kufuata alama zake. Kazi hii hufanywa kabla ya mkato wa kwanza, kwa sababu ukishakata na kuunganisha, kila kipande huwa na pengo lake na hakuna kipimo kimoja kitakachovitosha vyote.