Miguu Kukosa Utulivu Usiku: Ya Kufanya Nyumbani na ya Kupima Hospitali

Umelala, taa imezimwa, na ndani ya vigimbi kunaanza kitu ambacho mwenyewe hujui ukiite nini. Wengine husema ni kama wadudu wanatambaa chini ya ngozi, wengine husema miguu inavutwa. Ukiisogeza inatulia, ukiiacha karaha inarudi. Daktari Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliieleza hali hii kwa kina mwaka 1945, lakini hadi leo wapo wanaoambiwa ni uchovu tu.

Si sawa na mkakamao wa misuli. Misuli ikikaza huuma ghafla, na ukiishika unaikuta ngumu. Hapa misuli ni laini. Kinachosumbua ni hamu ya kusogeza miguu, inayozidi jioni na usiku, tena mtu akiwa ametulia.

Ikikushika, usishindane nayo kitandani. Inuka utembee chumbani dakika chache, kisha simama ukitazama ukuta, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma bila kuinua kisigino, na uegemee mbele hadi kigimbi kivutike. Badilisha mguu. Kukanda miguu au kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala huwasaidia wengi. Wengine hupata nafuu kwa maji baridi, kwa hiyo jaribu yote. Mazoezi ya wastani mchana ni mazuri, ila ya kutoa jasho jingi usiku huweza kuzidisha tatizo. Kahawa, chai ya rangi, pombe na sigara viache kuanzia alasiri, uone tofauti.

Hayo yote hutuliza. Chanzo mara nyingi kiko kwingine, hasa kwenye madini ya chuma, na hapa ndipo watu wengi hupotezewa muda. Unapimwa wingi wa damu, unaambiwa damu ipo, unarudi nyumbani na miguu yako. Damu inaweza kuwa ya kutosha huku akiba ya chuma mwilini ikiwa chini, na ubongo unahitaji chuma hicho ili kemikali ya dopamini, inayohusika na mwendo, ifanye kazi sawasawa. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba hiyo ya chuma. Kwa mwenye tatizo hili, kiwango cha nanogramu 75 kwa mililita au chini yake huwafanya madaktari wengi wafikirie kumpa chuma, hata kama majibu ya maabara yameandikwa "kawaida". Lakini usinunue vidonge vya chuma kwa kukisia, kwani chuma kikizidi hudhuru ini na moyo.

Kagua pia dawa unazotumia. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu humeza wakidhani zitawasaidia kulala, huichochea miguu. Kadhalika metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za sonona. Usiziache ghafla, muulize aliyekuandikia kama kuna mbadala.

Wajawazito hupata hali hii zaidi miezi mitatu ya mwisho, na kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Wenye ugonjwa wa figo wamweleze daktari wao mapema.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hilo ni jambo jingine kabisa: huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiukande.