Joseph Daynes, Mpiga Kinanda wa Kwanza wa Tabernakulo: Yanayosimuliwa na Yaliyotukia

Joseph John Daynes alikuwa kijana wa miaka 16 alipokipiga kinanda kikuu, kinanda cha mabomba, cha Tabernakulo ya Salt Lake City, Utah, Marekani, katika mkutano wa Oktoba 1867, naye hakukiachia kiti hicho hadi mwaka 1900. Alikuwa mpiga kinanda wa kwanza wa jumba hilo, tena mtunzi wa nyimbo za ibada, katika kizazi cha Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walioingia Utah kabla reli haijafika, wale ambao kanisa lao huwaita waanzilishi. Niondoe utata mmoja mapema: msomaji aliyelelewa katika Ukatoliki akisikia neno tabernakulo hufikiria kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, lakini Tabernakulo hii ni ukumbi wenye urefu wa futi 250 na upana wa futi 150, uliofunikwa kwa paa lililobinuka kama gamba la kobe. Habari za Daynes zimesimuliwa mara nyingi, na kila zinaposimuliwa upya huongezewa muujiza na kupunguziwa kazi.

Dhana: alivuka nyika akikokota mkokoteni.

Picha ya familia inayokokota mkokoteni kwa mikono imekolea mno katika kumbukumbu za Wamormoni hata kila mwanzilishi hupewa wa kwake. Misafara ya mikokoteni ilikuwa kumi tu, nayo ilianza mwaka 1856 na kukoma mwaka 1860. Daynes, aliyezaliwa Norwich, Uingereza, tarehe 2 Aprili 1851, alihama na wazazi wake mwaka 1862, akiwa na miaka 11. Wakati huo kanisa lilikuwa likituma magari ya maksai kutoka Utah hadi Mto Missouri kuwapokea wahamiaji na kurudi nao. Safari yenyewe haikuwa nyepesi, kwani kutoka Florence, Nebraska, ilibaki njia ya takriban kilomita 1,600, lakini mkokoteni haumo.

Dhana: Brigham Young alimkabidhi kinanda kikuu siku alipofika.

Simulizi inayopendwa kuliko zote husema kwamba Young, kiongozi wa kanisa, alipita kwenye kambi ya wageni, akamkuta mtoto akiwapigia waimbaji kinanda kidogo, akatamka papo hapo kwamba mpiga kinanda wa Tabernakulo amepatikana. Sina haja ya kuikana. Huenda maneno ya namna hiyo yalisemwa, kwa maana kiongozi anayejenga mji jangwani hutafuta vipaji popote. Tatizo ni kile ambacho wasikilizaji hukiongeza wenyewe, kwamba mtoto alichukuliwa mkono moja kwa moja hadi kwenye kinanda. Mwaka 1862 hapakuwa na kinanda kikuu wala ukumbi wa kukiweka. Ujenzi wa kinanda ulianza mwaka 1866, na kati ya siku ile ya kambini na siku aliyokalia kiti hicho ilipita miaka mitano. Simulizi haina la kusema juu ya miaka hiyo, ingawa ndiyo iliyomtoa mtoto wa miaka 11 na kumfanya kijana anayeweza kutegemewa mbele ya umati.

Dhana: kinanda kililetwa kizima kutoka Australia.

Hapa watu huchanganya vinanda viwili vya fundi mmoja. Joseph Ridges, seremala Mwingereza aliyevutwa Australia na habari za dhahabu, alijenga kinanda kidogo huko Sydney, akajiunga na kanisa, na kinanda hicho kikafunguliwa vipande na kusafirishwa kwa meli hadi California, kisha kwa magari ya kukokotwa na wanyama hadi Salt Lake City mwaka 1857, kikafungwa katika ukumbi wa zamani wa matofali ya udongo. Kile cha Tabernakulo kilikuwa kingine. Mbao za mabomba yake zilikatwa Pine Valley, kusini mwa Utah, na kukokotwa kwa maksai karibu kilomita 480. Gundi ilipatikana kwa kuchemsha ngozi za ng'ombe. Vifaa ambavyo Utah haikuwa navyo Ridges alivifuata Boston.

Inafaa kuyatazama kwa karibu mabomba makubwa ya mbele, maana mgeni huyaona yanang'aa akadhani ni chuma kilichopakwa dhahabu. Ni mbao. Vipande vyembamba vya ubao vilichongwa na kugandishwa ubavu kwa ubavu, kama pipa, mpaka likapatikana bomba la duara, ndipo likavishwa ngozi nyembamba ya dhahabu. Kinanda kilipotumika mara ya kwanza kilikuwa na takriban mabomba 700, nacho kilikuwa bado hakijakamilika. Kwa hiyo kijana yule alianza kazi juu ya chombo ambacho mafundi walikuwa bado wanakijenga, akajifunza sauti zake kadiri zilivyoongezwa. Niels Johnson, mmoja wa mafundi hao, ndiye aliyekikamilisha na kukiboresha mwaka 1885, Daynes akiwa amekwisha kukitumia kwa miaka 18.

Dhana: kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Kinanda cha mabomba hakitoi hata mlio mmoja bila upepo. Kibonyezo hufungua kilango tu, na upepo ndio unaoliimbisha bomba. Miaka ya mwanzo upepo huo ulitoka kwenye mivukuto iliyosukumwa na wanaume walioketi mahali ambapo mkutano haukuwaona, na baadaye ukatokana na nguvu ya maji. Wasukumaji wakilegea, shinikizo hushuka na sauti hupinda chini ya nota yake, hata kama vidole vya mpigaji havijakosea. Kulikuwa pia na waongoza kwaya ambao Daynes aliwafuata: Robert Sands, George Careless, Ebenezer Beesley, kisha Evan Stephens. Viongozi wanne walipokezana, mpiga kinanda akabaki yule yule.

Dhana: yeye ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo zake.

Kosa hili kwetu linaeleweka. Katika kwaya zetu, Tanzania na Kenya, mtunzi mara nyingi hutunga maneno na sauti pamoja, na jina moja huandikwa juu ya karatasi. Katika desturi aliyoifuata Daynes kazi hizo ziligawanywa. Wimbo wake unaojulikana zaidi, “As the Dew from Heaven Distilling”, unaozungumzia umande unaodondoka kutoka mbinguni, maneno yake ni ya Parley P. Pratt, aliyeuawa Arkansas mwaka 1857, Daynes akiwa mtoto wa miaka sita, bado yuko Uingereza. Daynes alitunga muziki.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari, na msomaji wa mashairi ya Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Kama vile sauti moja ya kughania utenzi hubeba utenzi wowote wenye mizani nane kwa kila kipande, ndivyo muziki uliotungwa kwa mistari ya mizani nane na saba kwa kupokezana unavyobeba maneno yoyote ya kipimo hicho. Vitabu rasmi vya nyimbo vya kanisa hilo vilikuwa vikichapishwa maneno matupu tangu miaka ya 1830, na waimbaji walichagua sauti waliyoijua, mara nyingi ya watu wengine. Ndiyo maana kitabu cha muziki cha mwaka 1889, kilichotayarishwa na kamati ya watu watano, Daynes na Careless na Beesley na Stephens wakiwamo pamoja na Thomas Griggs, kilikuwa na uzito: kiliyapa maneno ya zamani sauti zilizotungwa na wenyeji.

Kutokana na hayo inaanguka pia dhana kwamba waanzilishi waliimba nyimbo zake njiani. Wimbo mashuhuri wa safari uliandikwa na William Clayton huko Iowa mwaka 1846, juu ya sauti iliyokuwapo tayari, miaka mitano kabla Daynes hajazaliwa. Muziki wake uliofungamana kabisa na tukio la wakati ule ni maandamano ya maziko aliyoyatunga kwa ajili ya Brigham Young, yakapigwa katika Tabernakulo Septemba 1877.

Dhana: kinanda kinachosikika leo ndicho alichokipiga.

Cha leo kina mabomba 11,623 na ni kazi iliyokamilika mwaka 1948. Daynes alimwachia kiti John McClellan mwaka 1900, na mwaka uliofuata kampuni ya Kimball ikakijenga upya kinanda chake kwa sehemu kubwa. Kampuni ya Austin ikakijenga tena katika miaka ya 1915 na 1916. Daynes alifariki Salt Lake City tarehe 15 Januari 1920, akiwa ameishi kuona chombo chake kikibadilishwa mara mbili. Katika mabomba makubwa ya mbele bado yamo machache ya mbao yaliyoundwa na Ridges, na si mapambo tu: upepo ukiingia yanatoa sauti.