Nani kasema kazi ya mama ni kulia?

Safari hii maneno yaliandikwa kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa mswada wa mwanafunzi wangu: "Mpunguze mama, isije ikawa ya Kihindi." Aliyeyaandika ni mtayarishaji mzoefu na hakuona haja ya kufafanua. Alijua ataeleweka. Kwenye kazi hii yetu ya kuandika filamu kila mtu anaelewa: mama wa Kihindi ni wa kulia, kuwasha taa mbele ya sanamu na kusamehe. Steringi anarudi, mama anamkumbatia, picha imekwisha.

Nimechoka nayo. Wengi wanaosema hivyo wamekua na picha hizo kama nilivyokua nazo mimi, na bado wanasimulia kitu ambacho hakimo.

Chukueni Mother India ya Mehboob Khan, ya 1957. Mtu atakusimulia mateso yote ya Radha, mama wa filamu hiyo: mume aliyepondwa mikono na jiwe akaondoka usiku kwa aibu, mafuriko, jembe alilolivuta mwenyewe shambani. Akifika mwisho anamung'unya maneno. Mwisho ni huu: Radha anampiga risasi Birju, mwanawe kipenzi. Si bahati mbaya, wala hakuwa akimlenga mtu mwingine. Birju amemteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, yuko juu ya farasi, na mama amemsimamia njiani na bunduki. Anamwonya. Birju anamwambia hawezi kumuua kwa sababu yeye ni mama yake. Radha anamjibu kwamba yeye pia ni mwanamke. Mwana anaweza kumtoa, heshima hawezi. Kisha anafyatua.

Na Sukhilala ni nani? Ni mla riba aliyewamaliza. Mama mkwe wa Radha alikopa kwake rupia 500 ili kumwoza mwanawe kwa Radha huyuhuyu. Hakujua kusoma, akatia dole kwenye karatasi asiyoielewa, na riba ikawa robo tatu ya mavuno. Familia ililima maisha yake yote ikijaza ghala la mtu mwingine. Kwa hiyo Birju ana haki, na filamu inajua kwamba ana haki. Dhuluma ya yale madaftari ya Sukhilala aliiona tangu utotoni, wakati kijiji kizima kikiinamisha vichwa. Angekuwa mhuni tu, risasi ya mama isingekuwa na uzito wowote. Radha anamhukumu mwanawe mwenye madai ya kweli, kwa kumlinda binti wa mtu aliyewadhulumu. Sijui ni miswada mingapi ya leo, hapa kwetu au kwingine, inayothubutu kumweka mama mahali kama hapo.

Sasa ndipo yanapokuja machozi. Birju anamwendea akivuja damu na kumpa bangili zake, zile zilizokwenda rehani kwa Sukhilala, ambazo tangu utotoni alikuwa na uchungu nazo. Mama anapiga ukelele na kumkumbatia. Tazameni mpangilio: uamuzi kwanza, kilio baadaye. Hilo ndilo ninalolirudia darasani mpaka naonekana mkorofi. Anayeiga picha za Kihindi huchukua kilio na kuuacha uamuzi. Anabaki na mwanamke anayelia kwa dakika kumi bila kufanya lolote, halafu anailaumu Bombay.

Deewaar ya Yash Chopra, ya 1975, iliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, inaonyesha hili waziwazi zaidi, nayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kila mtu anakikumbuka kile kipande cha ndugu wawili wanaokutana usiku chini ya daraja. Vijay, ambaye ni Amitabh Bachchan, anahesabu alivyonavyo: jengo, nyumba, gari, fedha benki. Anamuuliza mdogo wake Ravi, inspekta wa polisi, yeye ana nini. Ravi, ambaye ni Shashi Kapoor, anajibu kwamba yeye ana mama. Watu wanapiga makofi na kuishia hapo, kana kwamba jibu lile linausifu upole wa mama.

Rudini nyuma kidogo. Kwa nini mama yuko kwa Ravi? Yeye mwenyewe aliondoka kwenye jumba la Vijay. Ravi amemtaka kaka yake atie saini kwenye maelezo ya makosa yake, na Vijay anakataa. Anasema kwanza zikaletwe saini za wale waliomharibia baba yao, na ya yule aliyemchora mkononi, alipokuwa mtoto, maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Naye ana haki, kama Birju. Baba yao alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, na alitia saini ya kuwasaliti wenzake baada ya familia yake kutishiwa maisha. Vijay alibeba mizigo bandarini na mama alibeba zege kwenye majengo ili Ravi asome. Mama anayajua yote hayo. Pamoja na hayo anamwambia Vijay kwamba bado hajawa tajiri wa kutosha kumnunua mama yake, anafungasha na kuondoka. Mama wa kusamehe yuko wapi hapo?

Halafu kinakuja kipande ambacho ningependa kila mwandishi chipukizi akitazame akiwa peke yake. Ravi anatoka kwenda kumkamata kaka yake. Mama anamkabidhi bastola na kumwombea mkono wake usitetemeke wakati wa kupiga. Kisha anasema kwamba mwanamke ametimiza wajibu wake, sasa mama anakwenda kumngoja mwanawe. Na kweli anakwenda hekaluni kumngoja Vijay, yule ambaye ametoka kumtolea bastola. Vijay anafika na risasi za Ravi mwilini, anafia mapajani pake. Njiani imemdondoka ile beji ya kuli yenye namba 786, inayosimama badala ya Bismillahi kama msomaji wa pwani anavyojua, na bila ile beji kinga yake imekwisha.

Mtu mmoja ametoa hukumu mbili na ametii zote mbili. Huo ndio ustadi wa melodrama hizi: hazichagui kati ya sheria na damu, zinamlazimisha mtu mmoja azibebe zote palepale. Nirupa Roy, aliyecheza mama huyo, alikuwa amemzidi Bachchan miaka 11 tu, na miaka ya 1950 alijulikana kwa kucheza miungu wa kike katika filamu za hadithi za dini. Watazamaji wa India walipomwona akibariki bastola, uso ule tayari ulikuwa na mamlaka. (Nargis na Sunil Dutt, mama na mwana wa Mother India, wote walizaliwa Juni 1929. Mwaka mmoja baada ya filamu walioana. Anayedhani Radha mzee lilikuwa jambo rahisi kuigiza atafakari hilo.)

Kuhusu ndugu kupotezana na kukutana nitasema machache tu. Ndiyo, katika Amar Akbar Anthony ya 1977 damu ya vijana watatu inaingia kwa mama kupitia mrija mmoja, wakati hakuna ajuaye kwamba ni mama yao. Mwelekezi wake, Manmohan Desai, alijua kwamba hospitali haifanyi hivyo. Watoto hao walitelekezwa tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru, chini ya sanamu ya Gandhi, wakalelewa mmoja Mhindu, mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo. Ukidai daktari akueleze tukio lile, umekataa kusikia linachosema.

Lakini hapa nina shaka. Maelezo ya kawaida ni kwamba hadithi hizi za kupotezana zilizaliwa na mgawanyiko wa 1947, mamilioni walipovuka mpaka mpya kati ya India na Pakistan na familia zikatawanyika. Inaingia akilini, hasa kwa Waqt ya 1965, kwa kuwa ndugu wawili wa Chopra, mtayarishaji na mwelekezi, walikuwa wametoka Lahore, mji ulioangukia Pakistan. Ila Kismet, yenye mwana aliyepotea na kupatikana tena, ilitoka 1943, ikakaa kwenye jumba moja la Calcutta zaidi ya miaka 3. Mpaka ulikuwa bado haujachorwa. Nadhani hadithi ilikuwepo tayari, na 1947 iliwapa watu sababu ya kuihitaji zaidi. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Shaka kubwa zaidi ni hii. Mama huyu anayewahukumu wanawe bila kusita hamhukumu baba hata mara moja. Mume wa Radha alimwacha na watoto na njaa. Radha anaendelea kumngoja. Mume wa Sumitra, yule mama wa Deewaar, alitoroka, akaishi kwenye treni mpaka akafia humo. Sumitra aliendelea kuvaa alama za mke aliyeolewa mpaka siku ya maiti. Kuna filamu ambazo baba anashtakiwa, na zote zinashangaza kwa namna moja. Katika Awaara ya Raj Kapoor, 1951, hakimu aliyemfukuza mkewe mjamzito akiamini mwana wa mwizi huwa mwizi anapandishwa kizimbani kama shahidi na kuulizwa maswali yanayomvua nguo, lakini hiyo ni baada ya mkewe kugongwa na gari lake yeye mwenyewe na kufariki. Katika Trishul ya 1978, kazi ya Yash Chopra na waandishi walewale wa Deewaar, mwana anakwenda Delhi kuibomoa biashara ya baba aliyemkana mama yake, na mama ameshafariki.