Ziwa Victoria haliharibiwi na ujinga

"Wavuvi hawana elimu, ndiyo maana wanamaliza samaki." Mwanza kauli hii utaisikia kwenye daladala na hata mikutanoni. Inaniudhi, maana inafunga mjadala kabla haujaanza.

Nenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, uulize kuhusu kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Anayelivuta atakueleza mwenyewe kwamba linakwangua chini, linazoa samaki wachanga na kuvuruga mazalia ya sato kwenye maji mafupi. Anajua. Ila mara nyingi kokoro si lake, mtumbwi si wake, na mgawo wake unakuja baada ya tajiri kukata gharama na kuchukua fungu lake. Mtafiti akiuliza "unaijua sheria?" bila kuuliza "nyavu ni za nani, na nani anakudai?", ataishia kupendekeza semina nyingine.

Wengine husema mali ya wote haina mlinzi, dawa ni doria tu. Hoja hiyo ya mali isiyo na mlinzi, Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, aliipa nguvu mwaka 1968. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja maji, misitu na uvuvi, akakuta kanuni zinazodumu pale watumiaji wenyewe wanapokuwa na sauti katika kuzitunga. BMU za mialo yetu, yaani vikundi vya wanamwalo vya kusimamia uvuvi, zinakwenda na wazo hilo. Ikilegea moja, nitauliza kwanza kama viongozi wake wanaweza kumgusa tajiri.

Kauli nyingine ni hii: "Ziwa hili hapa, shida ya maji itoke wapi?" Ziwa liko chini, nyumba za Igogo na Mabatini, hapa Mwanza, zimepanda miambani. Maji hayapandi bila pampu na umeme. Na ukitaka habari za maji hayo usimhoji baba mwenye kaya peke yake. Muulize mama mwenye ndoo: bomba linatoka saa ngapi, dumu ni shilingi ngapi, likikauka anakwenda wapi.

Halafu ile ya "ziwa kubwa litajisafisha." Ni kubwa kweli, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua na kutoka kwa mvuke. Mvuke haubebi uchafu, unabaki humo. Na uchafu unazidi kuingia: kwenye jiwe huchimbi choo kirefu. Mvua ikinyesha, uchafu wa choo kilichojaa unateremka hadi Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani.