Plazma ya kwaki na gluoni, na jinsi inavyopimwa

Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki, chembe ndogo za msingi, zilizoshikanishwa na chembe nyingine ziitwazo gluoni, na katika hali ya kawaida huwezi kuikuta kwaki ikiwa peke yake. Joto likifika takriban kelvini trilioni 1.8, vifungo hivyo hulegea, kwaki na gluoni zikabaki zikizunguka huru. Hiyo ndiyo plazma ya kwaki na gluoni. Ulimwengu wote ulikuwa hivyo katika maikrosekunde zake za mwanzo.

Katika maabara hupatikana kwa kugonganisha viini vizito vya atomu ndani ya mashine za kuongeza kasi ya chembe: vya dhahabu vilianza kugonganishwa mwaka 2000 kwenye RHIC, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na vya metali ya risasi mwaka 2010 kwenye LHC ya CERN, kituo cha utafiti wa chembe cha Ulaya. Lakini plazma yenyewe hutoweka kabla ya sekunde 10⁻²² kwisha, kwa hiyo hakuna chombo cha kutumbukiza ndani yake. Kinachopimwa ni chembe zinazotoka.

Joto hukadiriwa kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, kwa kuwa hizo hupenya plazma bila kuzuiwa. Mwaka 2010 Brookhaven ilitangaza nyuzi trilioni 4 hivi. Msongamano hukadiriwa kwa jeti, yaani mikondo myembamba ya chembe zenye nishati kubwa: mbili huzaliwa pamoja zikielekea pande mkabala, na ile inayopita njia ndefu ndani ya plazma hutoka imepoteza nishati nyingi zaidi.

Kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni cha mnato, yaani ukinzani wa kitu dhidi ya kutiririka. Viini visipogongana katikati barabara, sehemu inayokutana huwa na umbo la lozi. Shinikizo hushuka kwa ghafla zaidi upande wa wembamba wake, hivyo chembe nyingi husukumwa upande huo. Kama plazma ingekuwa gesi ya chembe zisizosukumana, zingetoka sawasawa pande zote. Kipimo cha tofauti hiyo ya chembe kati ya pande huitwa v₂, na mnato ukiwa mkubwa huififisha. Ilipopimwa, ilikuwa kubwa mno, ishara ya mnato mdogo. Wengi walitarajia gesi. Mwaka 2005 watafiti wa RHIC walitangaza kimiminika kinachokaribia ukamilifu, ambacho uwiano wa mnato wake kwa entropia (kipimo cha vurugu ya chembe) uko chini sana kuliko wa maji.

Hata hivyo, hesabu hiyo inategemea umbo la mwanzo la sehemu ya mgongano, ambalo tunalikisia. Kwa sababu hiyo hupimwa pia v₃, mtiririko wa pembe tatu unaotokana na protoni na nyutroni kutopangika sawasawa ndani ya kiini. Thamani moja ya mnato inapaswa kueleza vipimo vyote viwili kwa pamoja.