Ngazi ya mzunguko na hadithi ya upanga

Katika nyumba nyingi za kale za makabaila wa Ufaransa utaambiwa kuwa ngazi ya mawe huzunguka kuelekea kulia unapopanda, ili mlinzi aliye juu apate nafasi ya kuzungusha upanga kwa mkono wa kulia. Hadithi tamu, ila ni changa: ilienea kupitia maandishi ya Mwingereza Theodore Cook, 1902. Ngazi zinazozunguka kushoto zipo pia. Na adui akishafika ngazini, nyumba si imeshatekwa?

Mnara wa ngazi ulikuwa fahari. Huko Bourges, tajiri Jacques Cœur, aliyeanza kujenga jumba lake miaka ya 1440, aliupamba wake kwa michongo. Ngazi ya Mfalme François wa Kwanza pale Blois iko wazi kabisa upande wa uani, watu waonekane wakipanda.