Majitaka, visima na bahari: maswali ya wakazi wa pwani

Miji midogo mingi ya pwani yetu haina bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake, na mara nyingi kisima hakiko mbali. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi.

Shimo la choo chetu halijajaa tangu lichimbwe. Si dalili nzuri?

Hapana, na hilo ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Shimo lisilojaa miaka nenda miaka rudi, maji yake yana pa kwendea. Chini ya nyumba nyingi za pwani kuna jiwe la matumbawe, lenye nyufa na matundu. Kwenye udongo wa kawaida majitaka hupenya polepole, vijidudu vikanasa na kufa njiani. Kwenye matumbawe hupita kwa kasi, yakaibukia kisimani kwa jirani na vijidudu vikiwa hai. Ndiyo maana ile meta 30 kati ya choo na kisima tunayofundishwa siku zote huenda isitoshe huku. Chungulia kisima chako wakati wa masika: maji yakichafuka saa chache tu baada ya mvua, basi yanayotoka juu yanaingia bila kuchujwa.

Lakini maji yetu ni maangavu na hayana harufu.

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Ila kuchemsha hakuondoi naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi na mkojo. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni vizuri, kwa hiyo maji ya kisima kinachoingiwa na majitaka yasikorogewe maziwa ya kopo. Mama mwenye uwezo wa kunyonyesha, anyonyeshe.

Tukielekeza bomba baharini, si chumvi itaua kila kitu?

Chumvi na jua hupunguza baadhi ya bakteria. Virusi na mayai ya minyoo hustahimili zaidi, na bakteria wa kipindupindu huishi vizuri kabisa kwenye maji ya chumvi kidogo, pale mto unapokutana na bahari. Chaza na kombe huchuja maji kutwa, wakakusanya uchafu huo mwilini. Wale mnaokwenda kuokota chaza na kombe maji yakikupwa, msiokote karibu na bomba, na mwapike mpaka waive.

Mabwawa ya majitaka hufanya nini?

Yanayashikilia majitaka mpaka yasafike yenyewe. Bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, hutuamisha tope na mayai ya minyoo. Katika la pili, mwani mdogo sana wa kijani hutoa oksijeni, na bakteria wakala uchafu. Ya mwisho yana kina kifupi ili jua lifike na kuua vijidudu. Hakuna mashine wala dawa. Ni siku nyingi na ardhi kubwa. Dar es Salaam wanayo, kwa mfano Vingunguti. Kwenye hori ya Mtwapa, karibu na Mombasa, gereza la Shimo la Tewa lilijengewa ardhioevu yenye mimea kwa kazi hiyohiyo.

Gari la kunyonya ni ghali. Wengine hutapisha vyoo, yaani huyafungulia majitaka yatoke, mvua ikinyesha.

Tunajua gharama inauma. Lakini ukitapisha, kinyesi hicho kinapita uani kwa watoto wa jirani na kushuka visimani. Changeni nyumba kadhaa, mwite gari kabla ya masika, na mumuulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Akisema ufukweni au mikokoni, msimlipe. Toeni taarifa kwa bwana afya wa kata.